Kidole Kidogo na Bunduki ya Papa Silvestre

Wenzangu wa karakana, siku mliponiaga mlisema niandike kidogo ili wanaokuja wapate kusoma. Kidogo nitaandika. Vyeo sitavigusa, maana aliyepanda anajua alivyopanda na asiyepanda hataki kusikia. Mishahara ndiyo kabisa. Nitaandika yale ambayo hadi leo sijayaelewa vizuri, na hasa jambo moja, kwa sababu wiki niliyokabidhi funguo nilimsikia mtu mlangoni akitamka maneno mawili ambayo pale kwetu hayatamkwi. Nitayafikia.

Mimi ni mtoto wa Karagwe. Wazazi wangu walikimbilia Tanzania, nikazaliwa huko, nikasomea ufundi wa mitambo huko, na niliporudi Rwanda nilikuwa na cheti changu pamoja na Kinyarwanda cha kuombea maji tu. Niliomba kazi ya kutengeneza magari. Nikapangiwa Gisenyi, karakana ya silaha. Nilidhani wamekosea, nikaenda kuuliza. Afisa aliyenisikiliza alisema chuma ni chuma, akanionyesha mlango. Sijui mpaka leo kama walikosea.

Karakana enzi hizo ilikuwa ile ile mnayoijua, mawe meusi ya volkano na bati juu, ila dirisha lilikuwa moja tu, la upande wa ziwa. Meza ndefu, jiliwa tatu za kubania vyuma, mashine moja ya kukereza iliyokuwa ikiunguruma kama mtu mwenye kikohozi. Fundi mkuu alikuwa Papa Silvestre, yaani Baba Silvestre. Mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, koti la buluu lenye mifuko iliyochanika kwa uzito wa tupa. Alikulia Masisi, upande wa Kongo, ambako baba yake alikuwa fundi wa bunduki za wawindaji. Hakuniuliza jina. Alichukua bunduki mezani, akavuta bolti nyuma, yaani kile chuma kinachofunga mgongoni mwa risasi, akanigeuzia ubavu wa bunduki.

"Gusa," akasema.

"Niguse nini, mzee?"

"Kidole kidogo. Ingiza mu chemba."

Chemba ni kile kitundu cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hulala kabla haijapigwa. Niliingiza kidole. Kikatoka cheusi kwa mafuta.

"Sema nimegusa."

"Nimegusa."

"Bon. Sasa chukua."

Ndipo akaiachia bunduki mikononi mwangu, akageuka kuendelea na kazi yake. Nilisimama pale nimeshika bunduki, kidole kimoja kichafu, sijui kama nimesalimiwa au nimepimwa. Baadaye kidogo aliitaka, nikamnyooshea kama mtu anavyonyoosha jembe. Hakuipokea. Alinitazama juu ya miwani mpaka nikakumbuka kuvuta bolti na kumgeuzia ubavu. Akaingiza kidole chake, akasema nimegusa, akapokea. Siku nzima tulikwenda hivyo. Jioni kidole kilikuwa hakioshekani, na nilipanda nyumbani Nengo nikijiuliza ni dini gani hii.

Kesho yake niliona upande wa pili wa dini hiyo. Askari mmoja alileta bunduki iliyokwama, akaiweka mezani akasema, "Haina kitu, Papa." Papa Silvestre aliacha tupa.

"Umesema nini?"

"Nasema haina kitu."

"Toka inje. Na hiyo bunduki yako. Ukirudia kuingia, uingie kama mutu hajasema kitu."

Askari alitoka nayo, akasimama juani, akarudi. Papa hakumfokea. Alimwonyesha kidole kidogo, akamfundisha kama alivyonifundisha mimi. Nilimuuliza mchana kwa nini maneno hayo mawili yanamkera hivyo. Alisema, "Kwa sababu ni ya bongo," yaani ya uongo, akaendelea kula viazi vyake. Nilimwambia askari hakusema uongo, bunduki kweli ilikuwa tupu. Akasema, "Ndiyo. Leo."

Kazi yenyewe ilinizoea kabla sijaizoea. Kila kifaa kilikuwa na majina matatu, la Kifaransa kwa waliotoka Kongo, la Kiingereza kwa waliotoka Uganda, na langu la Kiswahili cha shule, hivyo mpaka tukubaliane tunataka tupa ipi, chuma kilikuwa kimepata kutu. Nilijifunza kuwa adui wa silaha ni unyevu wa Kivu na lile vumbi la volkano, laini kama unga, linaloingia mahali ambapo hata mafuta hayaingii. Nakumbuka bastola iliyoanguka ziwani ikarudi na konokono ndani. Nakumbuka bunduki iliyoletwa na malalamiko marefu, tukaikagua kutwa, kumbe nyigu amejenga nyumba ya udongo kwenye mtutu na amehamia na familia. Papa Silvestre aliwatoa wale nyigu kwa upole ambao sikuwahi kumwona akiutumia kwa binadamu.

Sasa nije kwenye bunduki yake.

Siku hizo silaha zilizosalimishwa zililetwa karakana tuzikate. Zilikuja zimerundikwa, nyingine hazina vitako, nyingine zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Papa aliomba abakiziwe moja. Ilikuwa bunduki ya kizamani, ile ambayo ukivuta kifyatulio inapiga mara moja na kujipakia yenyewe, ya chuma kizuri, lakini risasi zake zilikuwa zimekwisha ghalani na hakuna aliyeziagiza tena. Alisema anataka kuibadilisha kaliba. Kwa msomaji asiye wa kazi hii, kaliba ni chakula cha bunduki. Iliyoumbwa kula risasi nene haiwezi kula nyembamba mpaka ibadilishwe kinywa na koo, na kuibadilisha si kazi ya kumwachia mtu yeyote. Mkuu wa wakati huo alimpenda mzee, akamruhusu kwa maandishi, kwa sharti kwamba isitoke karakana. Ikawa ndiyo starehe yake. Wenzake walicheza igisoro, lile bao la Kinyarwanda, chini ya veranda baada ya chakula, yeye alikaa na bunduki yake.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyejua anaibadilisha ili iwe nini. Mkuu alimuuliza, akajibiwa ni ya kufundishia. Mtunza ghala aliambiwa ni ya kupiga mamba wa Kivu, na kila mtoto wa Rubavu, wilaya yetu, anajua Kivu haina mamba. Mchungaji wa kanisa lake, aliyepita kumsalimu, aliambiwa ni mazoezi ya mkono kwa sababu ya baridi yabisi. Mimi nilipouliza alisema, "Mi nabadilisha kaliba. Kwani iko vibaya?" Nikasema si vibaya, ila inachukua muda. Akasema hata mtoto anachukua muda.

Na muda ulikwenda kweli. Alikuwa akikereza kitu, anakipima, anakitazama kwenye mwanga wa dirisha, anakitupa kwenye kopo. Wiki nyingine anaanza upya. Nilikuwa fundi wa miaka mingi tayari, na bado nikitazama kazi ile sikuweza kufuata anakwenda wapi. Sehemu alizokuwa akizitengeneza hazikulingana na risasi nene wala nyembamba. Nilidhani ni macho yake. Nilimhurumia, nikanyamaza. Bunduki yenyewe hakumpa mtu kushika. Akimaliza aliifunga kabatini mwake, na ndiyo silaha pekee pale ambayo kidole changu hakikuwa kimewahi kuingia.

Halafu akaja Mkuu mpya, Afande Gasana. Alikulia Uganda, mtu mwepesi, mcheshi, anayependa mambo yaishe. Alifika akakuta kila kitu sawa isipokuwa bunduki moja isiyo kwenye kundi lolote. Si ya kazi, si ya kukatwa. Na Papa Silvestre alikuwa anastaafu Ijumaa ya wiki ile.

"Now, hii inapiga ama haipigi?" akauliza.

Papa alijibu, "Afande, iko karibu kuisha."

"Mzee wangu, wewe ndiyo uko karibu kuisha kazi. Okay. Ijumaa ipige mbele yangu, tukushangilie, tuiandike. Ikikosa kupiga, ikatwe kama nyingine. Simple." Kisha akanigeukia. "Afande Consolata, wewe uikague. Sitaki mzee wetu aondoke hapa bila uso."

Hilo la uso halikuwa mzaha. Kwetu fundi aliyetengeneza silaha ndiye anayepiga risasi ya kwanza, peke yake, wengine wote nyuma ya ukuta. Kama chemba haikukaa sawa na risasi, chuma hupasuka karibu na shavu. Kwa hiyo nikisema ndiyo na nimekosea, naweza kumuua mwalimu wangu. Nikisema hapana, jasho lake la miaka yote linakwenda chini ya msumeno mbele ya macho yake, siku ile ile anayoaga.

Papa alinipa ufunguo wa kabati. Nilichukua vipimo vya risasi nene, vile vyuma tunavyoingiza kwenye chemba kujua kama inakaa sawa. Havikuingia. Vizuri, nikasema, amekwisha kuhamia kaliba mpya. Nikachukua vya risasi nyembamba. Navyo havikuingia. Nikaviosha. Havikuingia. Nikadhani vipimo vimechakaa, nikavijaribu kwenye bunduki ya kawaida, vikaingia kama mguu kwenye kandambili. Nikarudi kwa ile ya Papa, vikagoma. Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa najua kusoma bunduki iliyoharibika, na hii haikuwa imeharibika. Kila sehemu ilikuwa laini, bolti inateleza kama iliyopakwa siagi, kifyatulio kinaachia pale pale kinapotakiwa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na haikuwa ya kitu chochote ninachokijua.

Nikaamua kumrudishia na kumuuliza. Nilivuta bolti, nikamgeuzia ubavu kwa desturi. Hakuingiza kidole.

"Anza we," akasema.

Nikaingiza kidole changu kidogo. Kikaishia kwenye kucha.

Nilikitoa, nikakitazama, nikakirudisha. Kucha tu. Miaka yote ile kidole hicho kimeingia kwenye mamia ya chemba, kinajua kina cha kila moja kuliko ninavyojua ngazi za nyumbani kwangu, na hapa kiligonga ukuta.

"Papa, hii inakula risasi gani?"

"Hakuna."

"Hakuna ghalani?"

"Hakuna mu dunia. Mi niliipatia kaliba haiko. Donc hata mutu alete risasi ya wapi, haiwezi kulala mule. Inafanya vyote, inajikoki, inafyatuka, inalia tak. Kula tu ndiyo haiwezi."

Nilimtazama nikidhani amechanganyikiwa. Kisha nikadhani ni mimi. Bunduki zisizopiga, za kufundishia, si jambo geni. Zipo, zinapakwa rangi nyeupe kwenye kitako ili kila mtu azijue. Nilimwambia hivyo, nikamuuliza kwa nini ateseke miaka yote kutengeneza kitu ambacho angekipata kwa kopo la rangi.

Ndipo akavua miwani. Sikuwa nimewahi kumwona bila miwani. Macho yalikuwa madogo sana.

"Binti yangu, nilikuwa na mudogo wangu, Fidèle. Tuko kwa atelier ya baba, kule Masisi. Muwindaji ameleta bunduki, ameiweka juu ya meza, amesema haina kitu. Ilikuwa mutu muzuri, hakusema bongo, alifikiri hivyo. Fidèle alikuwa mbele yangu. Mi ndiyo nilishika." Akafuta miwani kwa pindo la koti. "Yewe. Mi ndiyo nilishika."

Nje mtu alikuwa akipiga honi ya pikipiki na nikatamani aendelee.

"Sasa sikiliza," akasema. "Ile ya rangi nyeupe, umeona vijana wanafanya nayo nini? Wanaelekezana. Wanacheka. Kwa sababu wanajua. Na mukono hauna akili, Consolata, mukono unazoea. Kesho unashika ile ya kweli, mukono unacheza vile vile. Mi nataka bunduki moja mutu afundishwe nayo, na woga yote, na siku amekosea, asife mutu. Lakini mutu asijue. Akijua, imekwisha."

Nitawaambia ukweli: nilikasirika. Huruma ilikuwepo, machozi yalikuwepo, na hasira nayo ikaja. Nikamuuliza, na siku bunduki hii isiyo na alama itakapopewa mlinzi wa lindo kwa makosa? Akija adui, akivuta, ikalia tak? Huyo naye si ana kaka? Umemwokoa mmoja ukamchimbia mwingine kaburi. Nilisema kwa sauti kubwa, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia. Alirudisha miwani, akafunga uzi polepole.

"Iko kweli," akasema. "Hiyo sikuwaza muzuri. Donc we sema ile unaona."

Hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Nilitaka abishane. Alipokubali, nikabaki na mzigo wote peke yangu, na nyumbani niliupindua huku na huku bila kupata pa kuushika. Nikisema inapiga, nimedanganya. Nikisema haipigi, Afande ataikata au ataipaka rangi, na kwa Papa yote mawili ni msumeno. Hata mume wangu alipouliza nina nini, nilimwambia kidole kinaniuma.

Ijumaa Afande Gasana alikuja na watu wake wawili na boksi la risasi nyembamba. Papa alikuwa amevaa suti ya kanisani. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, kofia magotini, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Juu ya meza kulikuwa na bunduki yake na pacha wake, bunduki nyingine ya aina ile ile iliyokuwa njiani kukatwa, niliyoileta jana yake kulinganisha nilipokuwa nahangaika na vipimo. Zimelala sambamba, bolti mbele.

"Enhe, Consolata?"

Sikuwa na ufundi wa kudanganya. "Afande, haitapiga. Papa ameifanya isiweze kuingiza risasi yoyote. Ni ya kufundishia. Ameifanya kwa makusudi."

Afande alikunja uso. "Yaani miaka yote hiyo mzee anatengeneza bunduki ambayo haiwezi kuua mtu?"

"Ndiyo, afande."

"Hata leo? Hata sasa hivi?"

"Ndiyo."

Akacheka. Hakucheka kwa dharau, nataka mlielewe hilo. Alikuwa amefurahi kweli, kama mtu aliyeambiwa kisa kizuri. Alinyoosha mkono mezani, akainua bunduki, akaigeuza kwa Papa Silvestre pale kwenye kigoda, akasema, "Kumbe mzee, hata nikikasirika nawe siwezi kukufanya kitu!" Akavuta.

Tak.

Sauti ile ilikuwa ndogo. Lakini mimi tayari nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, kwa sababu pale alipoinua bunduki nilitazama iliyobaki, na sikujua. Naapa sikujua ni ipi aliyoichukua. Zilikuwa zinafanana kitako, mtutu, hata mikwaruzo. Na ile pacha, je, niliigusa nilipoileta? Niliigusa. Au niliigusa nyingine? Kichwa kilikuwa cheupe. Papa hakusogea. Kofia ilikuwa imeanguka.

"Afande, naomba," nikasema. Nilimnyang'anya, si heshima, najua. Nikavuta bolti. Nikaingiza kidole.

Kikaishia kwenye kucha.

Nikaichukua ile nyingine pale mezani, nikavuta bolti, nikaingiza kidole. Kikazama chote. Tupu, ashukuriwe Mungu, lakini kilizama. Ile ilikuwa inakula.

Afande Gasana alinitazama mkono, akatazama bunduki moja, akatazama ya pili. Uelewa ulimwingia taratibu, nikauona ukishuka usoni, na mtu yule mcheshi akawa hana rangi. Hakuwa mzembe. Miaka yote iliyofuata nilimwona akifungua kila silaha anayopewa. Lakini mimi nilimwambia haiwezi kuua, na mkono wake ukaniamini.

Papa Silvestre akaokota kofia yake, akaipangusa vumbi.

"Ntakibazo, afande, hakuna shida," akasema. "Mutu yeyote angefanya."

Afande alikaa kwenye kigoda changu. Alisema kwa Kinyarwanda kitu ambacho sikukisikia vizuri, na Papa akamjibu kwa kumshika bega. Kisha Afande akasimama akaniambia, "Isikatwe. Isipakwe." Nami nikasema lile la mlinzi wa lindo, maana lilikuwa bado linanikereketa. Tukakubaliana: iwekwe kwenye kabati la mafunzo, lenye kufuli yake, ambalo silaha zake haziendi lindo hata siku moja, na alama ichongwe chini ya mbao, mahali ambapo ni fundi tu anayefungua. Niliichonga mwenyewe. Mimi nilichukulia kama ushindi. Papa alichukulia kama deni langu, la kuitunza bunduki na siri yake.

Alipoaga, alivuta bolti ya bunduki yake, akanigeuzia ubavu kwa mara ya mwisho.

"Gusa."

Nikaingiza kucha. "Papa, niseme nini sasa? Sijagusa kitu."

"Sema nimegusa," akasema. "We si uliingiza?"

Amekwisha kufa sasa, kwake Nengo, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hatukuizungumza tena bunduki ile. Tulizungumza nyanya za sokoni zinazovuka mpaka pale Petite Barrière, miguu yake, wajukuu. Hadi leo sijui kama tulifanya vizuri. Kuna siku naona alikuwa na haki yote, na kuna siku nawaza mlinzi wangu wa lindo, ambaye hajawahi kuwepo, na usingizi unakatika.

Papa asingependa niandike haya. Lakini wiki ya kukabidhi funguo, mmoja wenu aliingiza bunduki mlangoni akasema, "Haina kitu, Mama," na hakuna aliyemtoa nje. Mlikuwa mmechangamka, keki ilikuwa mezani. Nikawauliza wote, kwa utani, kama bado mnaweka kidole. Mkasema kwa pamoja, "Kila siku, Mama! Kila siku!"

Sawa. Bunduki ya Papa Silvestre iko kwenye kabati la mafunzo pamoja na zile nyingine, haina rangi, na zile nyingine zote zinakula. Mnaishika karibu kila wiki. Katika miaka yote hii amekuja kwangu fundi mmoja tu, uso umemvurugika, kidole kimoja hewani, akaniuliza kuna nini na ile bunduki. Nilimwambia ni ya kupiga mamba wa Kivu, na siku niliyoondoka nikamwachia yeye funguo.

Nyinyi wengine hamjaniuliza.